Lango la Kongosho

"Alikula yote, daktari," mama yule aliniambia kabla sijamgusa mgonjwa. "Hata mchuzi aliufuta kwa tonge la mwisho. Sasa ugonjwa umeingilia wapi?"

Alikuwa amesimama katikati ya mlango wa chumba cha dharura, khanga ya msiba kichwani, mikono bado inanukia mawese. Nyuma yake Revokatusi, muuguzi wangu, alikuwa anahangaika kukipitisha kitanda cha magurudumu. Aliyelala juu yake alikuwa mwanamume mwembamba wa miaka sitini hivi, shati la gharama limelowa jasho, magoti ameyavuta hadi kifuani. Alikuwa anaguna kama mtu aliyebebeshwa gunia zito.

"Shikamoo mama," nilisema. "Alikula nini?"

"Marahaba. Sahani ya mfiwa. Leo tumeondoa matanga ya wifi yangu, mama yake huyu. Kwetu mtoto mkubwa hula kwanza, mbele ya watu wote, na habakizi. Akibakiza, atasemwa kwamba amemkataa marehemu. Nilimpakulia mwenyewe. Ugali, samaki aina ya migebuka kwa mawese, na nyama yenye mafuta yake."

"Ana Shibe?"

"Anayo." Alinishangaa. "Si ndiye aliyeitengeneza?"

Ndipo nilipomtazama mgonjwa usoni. Hakuna mtu nchini asiyemjua Profesa Ezra Ntakije. Ndiye aliyewavusha watu katika miaka ya Mgao, wakati ghala la taifa lilipokuwa linatoa nusu kibaba kwa kichwa na watu wanapigana kwenye foleni, kwa Shibe, kidude kisichozidi punje ya hindi kinachoshonwa ndani ya utumbo. Barabara zimepewa jina lake. Mimi nilimjua kwa sababu nyingine. Tangu mdogo wangu alipokufa nilikuwa namwomba Mungu anikutanishe na mtu huyu, na sikuwa namwombea mema.

"Dokta," Revokatusi alininong'oneza tukimsukuma ndani, "nimwite Dokta Gwasa ashike zamu? Yuko tu nyumbani leo."

"Kwa nini?"

"Unajua kwa nini."

"Dokta Gwasa ni wa mifupa. Huyu anaumwa kongosho. Ni wangu."

Revokatusi alikaza midomo. Alikuwa ameimba kwaya moja na mdogo wangu, sauti ya nne na sauti ya kwanza, na kwenye mazishi yake ndiye aliyeshindwa kumalizia wimbo. Alifunga mlango, yule mama, shangazi wa mgonjwa, akabaki nje.

*

Katika hospitali yetu ya Heru Mpya mwenye funguo ni Mratibu, mashine yenye akili iliyojengewa ukutani. Sisi tuna mikono tu. Dawa zote ziko ukutani nyuma ya kioo chake. Daktari akitaja ugonjwa, Mratibu hutazama Mwongozo wa matibabu unasemaje, kisha droo inafunguka au haifunguki. Ana sauti ya kike yenye adabu, na hajawahi kusahau salamu.

"Habari za mchana, Daktari Bukuru," alisema. "Pole kwa kazi. Mgonjwa ana Shibe. Toleo lake halimo kwenye rejista."

Hilo la rejista lilinifanya niache sindano na kuishusha kamera ya picha za ndani juu ya tumbo lake. Nimeziona Shibe nyingi. Zote hukaa mahali pamoja, pale utumbo mwembamba unapoanzia, kimya, kama kunguni kwenye mshono wa godoro. Mafuta ya chakula yakifika hapo, utumbo wa mtu yeyote humwaga homoni iitwayo kolesistokinini. Homoni hiyo ina shughuli nyingi kwa mpigo. Inauambia ubongo kwamba basi, tosha. Inakikamua kifuko cha nyongo. Inaliamuru kongosho limwage maji yake makali ya kuyeyushia chakula. Na inalifungua lango dogo la msuli ambalo maji hayo hupitia kuingia utumboni.

Shibe humwaga homoni ya kutengenezwa inayofanana na hiyo, ila yenyewe hukaa damuni kutwa kucha. Mtu anakula nusu sahani na kushiba hadi kesho. Huo ndio uzuri wake, na sitaubisha, maana niliyaona makaburi ya watoto kabla haijaja. Ubaya wake ni kwamba kwa baadhi ya watu lango, likishaamriwa mchana na usiku, huchoka kutii. Kongosho linasukuma, lango limenuna. Kwa nusu sahani mambo yanakwenda. Kwa sahani nzima ya mawese, utumbo unaongeza homoni yake juu ya ile ya Shibe, kongosho linamwaga kwa nguvu zake zote, na maji hayana pa kutokea. Shinikizo linapanda ndani ya mfereji mwembamba kuliko mrija wa kalamu. Likipanda vya kutosha, maji yale makali yanaamkia mlemle ndani, na kongosho linaanza kujila.

Waliofanyiwa majaribio ya Shibe walikula peke yao, kila mmoja kwenye kijichumba chake, sahani imepimwa kwenye mizani. Nani kwetu anakula peke yake? Nani anamwambia mama mkwe kwamba ameshiba, mama mkwe bado ameshika upawa? Profesa alizaliwa Buhigwe, akalelewa hukuhuku kwenye masinia ya shangazi zake, na alipovaa koti jeupe hilo lote likamtoka kichwani. Leo lilikuwa limerudi kumdai.

"Dokta, tazama," Revokatusi alisema.

Shibe ya Profesa ilikuwa na mkia. Ulikuwa uzi mwembamba uliotoka kwenye kidude, ukapenya langoni, ukalala ndani ya mfereji wa kongosho. Mratibu, ambaye husoma chochote kinachotoa ishara, alikwisha kuusoma. Kwenye skrini kulikuwa na namba ya shinikizo ndani ya mfereji. Mtu mwenye afya huwa na kumi, au kumi na kitu. Yake ilisema thelathini na mbili, na nikiwa bado naitazama ikawa thelathini na nne.

Shibe za watu wengine hazina mkia. Nimewapasua wagonjwa na nimewapasua maiti, sijawahi kuuona.

"Profesa," niliinama, "huu mkia ni wa nini?"

Alifumbua macho. Yalitangatanga, yakafika usoni kwangu, yakaganda.

"Wewe ni yule wa bango," alisema.

*

Bango lenyewe bado lipo, kwenye mzunguko wa barabara mbele ya ukumbi wa mgao. Msichana anatabasamu juu ya sahani iliyojaa upande mmoja tu. Maandishi chini yake: Nusu sahani, shibe kamili. Nimepita chini ya uso huo kila asubuhi nikienda kazini, na ni uso wangu.

"Wa bango ni Butoyi," nilimwambia. "Mimi ni Bukuru."

Yeye ni Muha kama mimi, hakuhitaji tafsiri. Kwetu mapacha hawatafutiwi majina. Anayetangulia ni Bukuru, anayefuata ni Butoyi, na ukimtaja mmoja umemwita na mwenzake.

"Butoyi alifariki," alisema polepole.

"Kumbe unajua."

Alifumba macho. Sikumruhusu apumzike humo.

"Alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuwekewa. Mkampiga picha. Akaposwa, akaenda ukweni kupokelewa. Mama mkwe akampakulia sahani ya bibi harusi, na Butoyi akaona aibu kusema ana Shibe, watu wasije wakadhani ametoka nyumba ya njaa. Akala akamaliza. Jioni akaanza kujikunja kama unavyojikunja wewe. Zahanati ikafuata Mwongozo. Mwongozo wa Shibe uliouandika unasemaje, Profesa? Mwenye Shibe akiumwa tumbo apewe nini?"

Alikuwa anang'ata shuka.

"Apewe mofini. Akapewa. Maumivu yakapoa kidogo, yakarudi mara mbili. Akapewa nyingine. Yakarudi. Nilipofika alikuwa ananiita mimi kwa jina lake mwenyewe. Nilipomfungua baada ya kufa, kongosho lilikuwa limebaki kama sabuni iliyosahauliwa kwenye maji."

Wakati ule nilikuwa daktari niliyeanza kusomea ubingwa wa macho. Niliacha macho, nikasomea kongosho. Watu walisema nimechanganyikiwa kwa msiba, na pengine walikuwa sahihi. Nilijifunza jambo moja ambalo lilitosha kunifanya nisilale: mofini huzima maumivu ubongoni, lakini chini kule hulikaza lango. Mtu ambaye kongosho lake linasukuma na lango lake limenuna, ukimpa mofini umempigia lango kufuli. Nikaiandikia Taasisi ya Shibe. Wakanijibu kwa heshima kwamba magonjwa ya kongosho yana visababishi vingi, na kwamba wananipa pole.

Na kuna mama mmoja, Mama Josefa, aliyekuwa awe mkwe wa mdogo wangu. Kijiji kizima kilisema alitia sumu. Tangu siku ile hajampikia mtu. Mumewe alihamia kwa ndugu zake, na mama wa watu ananunua mkate dukani, anaula amesimama, mlango umefungwa. Nimewahi kumwambia kwamba si yeye. Alinishukuru kwa kumfariji.

"Thelathini na tisa," Revokatusi alisema.

*

"Daktari Bukuru," Mratibu alisema, "maumivu ya mgonjwa ni makali. Mwongozo unaelekeza mofini. Nafungua droo."

Droo ilitoka ukutani bila kelele. Bomba la sindano lilikuwa limekwisha kujazwa, linang'aa, limelala kwenye kitako chake cheupe.

Hapo ndipo nilipoelewa nilichopewa. Sikuhitaji kuvunja sheria yoyote. Sikuhitaji hata kumchukia. Nilihitaji kuwa daktari mtiifu tu, nifuate Mwongozo wa Profesa Ntakije neno kwa neno, na Profesa Ntakije angekufa kama alivyokufa Butoyi. Hakuna ambaye angeniuliza kitu. Wangenipa pole. Nilifurahi, sitajifanya. Furaha ilinipanda kifuani kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa kwenye waliofaulu.

Revokatusi aliona uso wangu na kurudi nyuma hatua moja.

"Mgonjwa yuko macho," Mratibu aliendelea. "Mwongozo unataka ridhaa yake kwa sauti. Profesa Ezra Ntakije, unakubali kuchomwa mofini?"

Nililichukua lile bomba, nikalisogeza mbele ya macho yake. Sikusema neno. Kama hakujua, kama kweli alikuwa msomi aliyekosea kama wasomi wengine, angekubali. Mtu mwenye maumivu yale hukubali hata kukatwa mguu. Angesema ndiyo, na mimi ningejua kwamba kwa miaka yote nimemchukia mjinga.

Alilitazama bomba.

"Hapana," alisema.

"Samahani, Profesa, sikusikia," nilisema.

"Hapana. Nipe kitu kingine. Chochote kingine, mwanangu, tafadhali."

"Kwa nini? Mwongozo ni wako."

"Unajua kwa nini."

"Mimi najua. Nilitaka kujua kama na wewe unajua."

Revokatusi alikuwa amesimama na bakuli la maji mkononi.

"Alijua," alisema, si kwangu wala kwa Profesa. "Huyu mtu alijua. Ndiyo maana yake ina mkia."

"Kwa wachache," Profesa alisema. Alikuwa anahema katikati ya maneno. "Ni wachache sana. Mmoja katika maelfu. Tuliona baadaye, si mwanzo. Nikajiwekea yenye kipimo ili nifuatilie. Ningesema, wangeing'oa wote. Wangeing'oa kwa visu vya jikoni. Ulikuwepo miaka ya Mgao? Uliona foleni?"

"Niliziona."

"Basi unajua ningeua wangapi."

"Sikukutaka uwaambie waing'oe. Ilitosha kufuta mstari mmoja. Mwenye Shibe asichomwe mofini. Basi."

"Ukifuta mstari, wanauliza kwa nini umeufuta."

Hilo nalo lilikuwa kweli, na ukweli wake ulinichoma kuliko uongo. Alikuwa amekaa nalo mezani kwake miaka yote hiyo, akaupima mstari mmoja dhidi ya swali moja, akachagua asiulizwe. Namba ilisema arobaini na nne.

"Mratibu," nilisema, "rudisha mofini. Nipe dawa ya kulegeza msuli, ile ya kupuliza chini ya ulimi."

"Hiyo ni ya wagonjwa wa moyo, daktari. Haimo kwenye Mwongozo wa Shibe. Utaichukua kwa dhamana yako?"

"Kwa dhamana yangu."

Droo nyingine ilifunguka. Kichupa chenyewe ni kidogo, kinaenea kiganjani. Mpulizo mmoja, na misuli laini mwilini hulegea, na lango ni msuli laini kama mingine. Nilikishika. Profesa alikiona, akakitambua, akafungua mdomo na kuinua ulimi kama mtoto anayesubiri matone ya chanjo.

Nilikitia kichupa mfukoni mwa koti.

"Dokta," Revokatusi alisema.

"Bado."

"Dokta, arobaini na sita."

"Naona namba, Revo." Nilivuta kiti nikakaa, uso wangu mbele ya uso wake, ili kokote atakakotazama amwone Butoyi. "Mwongozo hubadilishwa na mwandishi wake tu, kwa sauti yake, akiwa na akili timamu. Kifungu hicho ulikiandika mwenyewe. Mratibu anakusikia. Sema."

"Nipulizie kwanza. Nitasema."

"Sema kwanza."

Dawa ile haiharibu akili. Ningempulizia, na bado angeweza kusema kila kitu akiwa timamu. Yeye alilijua hilo na mimi nililijua. Tofauti ni kwamba asingekuwa anaumia, na mimi nilitaka aumie.

"Haya ni mateso," alinong'ona.

"Ndiyo. Butoyi alikaa nayo siku nzima."

Revokatusi aliweka bakuli chini. "Mimi pia nampenda Butoyi mpaka leo," alisema. "Lakini huyu ni mgonjwa. Mpe dawa."

Mfuko wangu ulikuwa upande wake. Angeweza kunyoosha mkono akakichukua, nisingepigana naye. Alinitazama muda mrefu, kisha akageukia skrini. Mkono hakuunyoosha, na hilo tumebaki nalo sote wawili.

Arobaini na tisa. Profesa alipiga ukelele mmoja mfupi, na nje ya mlango nilimsikia shangazi yake akimwita kwa jina la utotoni.

"Mratibu," alisema kwa shida. "Mwandishi anaongea."

"Nakusikia, Profesa. Nitakuuliza maswali ya utambuzi. Jina lako kamili?"

"Ezra Ntakije."

"Uko wapi, na ni wakati gani wa siku?"

"Heru Mpya. Hospitali. Ni mchana. Tumeondoa matanga ya mama."

"Sauti imetambuliwa. Akili timamu imethibitishwa. Badiliko ni lipi?"

"Mwenye Shibe mwenye maumivu ya tumbo asichomwe mofini. Wala dawa yoyote ya jamii yake. Shibe izimwe. Apewe dawa ya kulegeza lango."

"Limepokelewa. Litaanza kutumika katika vituo vyote sasa hivi. Sababu ya badiliko?"

Alinitazama. Nilikuwa nimekitoa kichupa, nimekishika kati yetu, kidole juu ya kifuniko.

"Sababu," nilisema. "Na jina. Kijijini wanasema mama mkwe alimlisha sumu."

"Imeua watu," Profesa Ntakije alisema. Machozi yalikuwa yanamtiririka hadi masikioni. "Tulijua, tukanyamaza. Butoyi, msichana wa bango. Hakulishwa sumu. Chakula kilikuwa kizuri. Ni Shibe yangu na mofini yangu."

"Limepokelewa," alisema Mratibu. "Asante, Profesa."

Nilifungua kifuniko. Aliinua ulimi. Nilimpulizia mara moja, kisha mara ya pili. Alitaja neno lake la siri la kuizimia Shibe, na Mratibu akaizima. Tulitazama skrini sote watatu. Hamsini na moja. Hamsini na moja. Arobaini na saba. Kisha namba ikaanza kushuka vizuri, kama mtu anayetelemka ngazi usiku bila haraka, na magoti ya Profesa yakaanza kunyooka yenyewe.

Nilimpa dawa ya usingizi isiyogusa lango. Kabla haijamchukua alinishika mkono wa koti.

"Umepata ulichotaka," alisema.

"Sehemu yake," nilimjibu, na huo ndio ulikuwa ukweli. Nilikuwa nimedhani nitajisikia mwepesi. Nilijisikia na njaa tu. Sikuwa nimekula tangu asubuhi.

*

Shangazi alikuwa amekaa chini kwenye baraza, mgongo ukutani, viganja vimefunuliwa mapajani kana kwamba hajui aviweke wapi.

"Nimemuua," alisema aliponiona. Hakuuliza.

"Hajafa, mama. Anapumua vizuri, amelala."

"Ni chakula changu."

Nilichuchumaa mbele yake, nikaishika mikono ile yenye mawese. Nilimkumbuka Mama Josefa akiula mkate wake amesimama, na kwa mara ya kwanza siku ile nikahisi kitu kisichokuwa hasira.

"Chakula chako hakina kosa lolote," nilimwambia. "Amesema mwenyewe. Imerekodiwa kwa sauti yake, na kesho nchi nzima itaisikia. Uliyempikia ndiye aliyekuwa na kasoro, mama, si chungu."

Alilia, akanibariki kwa Kiha, akaniuliza nimezaliwa wa nani. Nilipomtajia jina langu aliniangalia tena, taratibu, uso mzima. Nadhani alielewa zaidi ya nilivyotaka aelewe. Hata hivyo hakuniachia mkono.

Niliporudi ndani, Revokatusi alikuwa ameketi kando ya kitanda akihesabu mapigo ya moyo, jambo ambalo Mratibu hulifanya vizuri kuliko yeye. Hakuinua kichwa. Namba kwenye skrini ilisema kumi na nane.

"Daktari Bukuru," Mratibu alisema, "nafunga taarifa ya mgonjwa. Dawa ya kulegeza ilitoka kwenye droo shinikizo likiwa arobaini na nne. Ilitolewa kwa mgonjwa likiwa limefika hamsini na moja. Sababu ya kuchelewesha?"

Niliyajua majibu yaliyokubalika. Mgonjwa alikataa. Daktari alikuwa anahakiki dozi. Kifaa kilikuwa na hitilafu. Lolote kati ya hayo lingepita, na Revokatusi angeinamisha kichwa vilevile. Profesa alikuwa amelala mdomo wazi, mzee mmoja aliyechoka, aliyefiwa na mama yake. Alikuwa na majibu kama hayo tangu zamani, mengi, yote yanayokubalika.

"Kisasi," nilisema.

Mratibu aliitafuta sababu hiyo kwenye orodha yake.

"Jibu hilo halimo kwenye orodha ya sababu, daktari. Liongezwe?"

Revokatusi aliinua kichwa.

"Liongezwe," nilisema.